Uzoefu wangu na Arolsen Archives: kumtafuta shangazi wa mama mkwe

Nimeolewa katika ukoo wa Kiyahudi uliokimbilia Kenya. Baba yake mama mkwe alishuka melini Mombasa mwaka 1939 akitokea Berlin, akapata kazi ya kusimamia shamba karibu na Nakuru, na mama mkwe akazaliwa huko. Dada wa mzee alibaki Berlin. Nyumbani kulikuwa na picha yake moja tu, pamoja na ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa 1942, zile fomu za wakati wa vita zilizoruhusu maneno 25 na habari za kifamilia peke yake. Anasema mzima, anafanya kazi, anawasalimu wote. Baada ya hapo, kimya.

Nilianzia kwenye tovuti moja ya kulipia ya mambo ya nasaba, jina silitaji. Kwa dakika chache iliniletea jamaa chungu nzima, wakiwemo wanawake watatu wenye jina la shangazi waliounganishwa wakawa mtu mmoja, ambaye eti alifia Chicago. Nilijitoa, lakini pesa ziliendelea kukatwa kwenye kadi yangu. Nikahamia Arolsen Archives, na huko ndiko nilikotulia.

Kwa asiyeifahamu, hii ni hifadhi ya nyaraka za watu walioteswa na Wanazi, iliyoko Bad Arolsen, Ujerumani. Ilitokana na juhudi za mataifa Washirika za kuwatafuta waliopotezana na ndugu zao vitani, na kwa miaka mingi iliitwa International Tracing Service, hadi 2019 ilipobadilishwa jina. Ina habari za watu wapatao milioni 17.5, Wayahudi na wengineo. Ni bure. Unaandika jina, inakufungulia picha ya karatasi yenyewe, sio muhtasari ulioandikwa na mtu mwingine. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, hasa baada ya yule marehemu wa Chicago.

Jina moja jaribu kuliandika kila namna: kwa ö na kwa oe, kwa ß na kwa ss. Wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani utawakuta na jina Sara katikati, na wanaume Israel. Si majina waliyopewa na wazazi. Ni amri ya serikali ya Wanazi iliyotolewa Agosti 1938 na kuanza kutumika Januari 1939. Ukiwa na tarehe ya kuzaliwa, itakuokolea muda mwingi kuliko jina la mtaa au la shule.

Shangazi tulimpata kwenye orodha ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ya abiria wa treni iliyotoka Berlin kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji, Machi 1943. Mstari mmoja wa taipu: namba, jina, siku na mahali alipozaliwa, kazi yake (kibarua), hajaolewa, miaka 31, anaishi mtaa gani. Katikati kuna safu inayouliza kama mtu anaweza kufanya kazi, na kwake imejazwa ndiyo. Tarehe 27 Februari 1943 Gestapo ilivamia viwanda vya Berlin na kuwachukua Wayahudi waliokuwa wakifanyishwa kazi za lazima humo, na treni zikafuatana siku zilizofuata.

Tukatafuta kadi yake ya kambini. Hakuna. Maelezo ni haya: kati ya watu kama milioni 1.3 waliopelekwa Auschwitz, walioandikishwa na kupewa namba ni kama 400,000. Waliotolewa kwenye treni na kuingizwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakuandikishwa kambini. Mama mkwe aliuliza, "Sasa si wameandika hapa anaweza kazi?" Sikuwa na la kumjibu. Anayeingia kwenye hifadhi hii lazima ajue kwamba sehemu kubwa ya karatasi hizi ziliandikwa na wauaji kwa shughuli zao wenyewe. Pale ambapo hawakumhitaji mtu, karatasi inaisha.

Bado nilijaza fomu ya maulizo, ile ya kuomba wafanyakazi wakutafutie wenyewe. Usitegemee jibu la kesho, ni suala la miezi. Lilipokuja, lilikuwa na faili la barua za baada ya vita, na ndani yake barua iliyotoka Nakuru. Mzee mwenyewe ndiye aliyeandika, akimuulizia dada yake! Hakuwahi kumwambia mtu nyumbani. Mama mkwe aliitambua kabla hajafika kwenye sahihi. "Mwanangu, hii taipureta naijua. E yake ilikuwa inaruka juu ya mstari." Jibu alilopewa wakati ule ni lile lile tulilopata sisi: alisafirishwa Machi 1943, zaidi ya hapo hakuna.

Kiswahili kwenye tovuti hakuna, na karatasi nyingi ni za Kijerumani, ila kuna mwongozo uitwao e-Guide unaokueleza kadi kisanduku kwa kisanduku. Tumia kompyuta, karatasi kama hizi hazisomeki kwenye simu.

Na usiishie Arolsen. Kwa watu wa Berlin kuna hifadhi ya jimbo la Brandenburg, Potsdam, yenye mafaili ya idara ya fedha iliyotaifisha mali zao. Humo tulipata fomu ya kurasa 16 ambayo shangazi alilazimishwa kuorodhesha kila alichokuwa nacho: viti viwili, pasi moja, mashuka, soksi jozi ngapi. Hapo ndipo nilipoona mwandiko wake kwa mara ya kwanza. Yad Vashem ya Jerusalem, kituo cha kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, nayo ina majina zaidi ya milioni 4.8, na inapokea fomu za ushuhuda kutoka kwa jamaa. Jina la shangazi lilikuwamo tayari, lakini hakuna ndugu aliyekuwa amemjazia fomu, kwa hiyo mama mkwe ameijaza na kuambatanisha ile picha.

Kwenye fomu ya Arolsen, usimtaje aliyepotea peke yake. Andika pia jina la ndugu aliyenusurika na mahali alipoishi baada ya vita, maana huenda naye aliwahi kuandika.