Mitungi ya Kufukia kwa Bustani ya Uani: Je, Inafaa Kununuliwa Lamu?

Katika duka moja la miche na vyombo vya bustani hapa mjini Lamu kunauzwa mitungi ya udongo iliyofinyangwa bara na kuvushwa kwa mashua kutoka Mokowe, ambayo kazi yake ni kunywesha mboga ikiwa imefukiwa ardhini. Mtungi huzikwa hadi shingoni katikati ya tuta, hujazwa maji kwa kata au kopo, kisha hufunikwa, na maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo uliochomwa mpaka yakaifikia mizizi. Nimeitumia msimu mzima wa kaskazi, uani na darini, sambamba na kifurushi cha mabomba ya matone kilichonunuliwa kwingine, na hukumu yangu naitoa mapema: kwa mwenye kupanda nyanya, biringani, pilipili au matango katika nyumba ya mji mkongwe, mtungi unayashinda mabomba, mradi maji yawe matamu na kifuniko kiwe cha kukaza.

Ufundi wenyewe si mgeni duniani. Huko Uchina ulikwisha kuandikwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, tena kwa kilimo cha matikiti. Siri yake iko katika ukuta wa mtungi usiopakwa rangi wala vanishi. Udongo ulio nje unapokauka huyavuta maji kupitia ukutani, na unapolowa mvuto hupungua, kwa hiyo mmea hupewa kwa kadiri unavyokunywa bila ya mtu kufungua wala kufunga mfereji. Kwa kuwa maji hutokea chini, uso wa tuta hubaki mkavu. Jua la Januari na upepo wa kaskazi hukosa cha kukausha, na mbegu za magugu zilizolala juu hukosa unyevu wa kuziotesha.

Si kila mtungi uliopangwa dukani unaofaa. Mzee anayeuza, ambaye nakiri ana ujuzi kuliko karatasi ya maelezo anayoigawa, nilimwuliza, “Ami, nitajuaje uliochomwa vyema?” Akaunyanyua mmoja kwa mkono wa kushoto, akaugonga tumboni kwa fundo la kidole, akasema, “Sikiliza, mwanangu. Wa kulia chukua, wa kukohoa uache.” Kipimo hicho hufichua ufa, lakini hakitoshi, kwani kuna mitungi isiyo na kasoro ambayo haipitishi maji kabisa. Ukifika nyumbani ujaze, uuweke kivulini juu ya sakafu kavu na uutazame asubuhi yake: tumbo lote linapaswa kuwa na unyevu wa jasho jepesi, pasiwepo tone linaloteremka. Ukilowa sehemu moja tu, hapo pana ufa. Ukibaki mkavu wote, umechomwa kupita kiasi au umepakwa kitu. Na hapa nina lawama. Duka hilo huchanganya kwenye ubao mmoja mitungi ya bustani na ile ya mapambo iliyopigwa vanishi kwa ajili ya wageni wa mahoteli, bila alama yoyote ya kuitenganisha, na mnunuzi asiyejua huenda akafukia pambo lisilotoa hata tone. Shingo peke yake ikipakwa rangi ni vizuri, kwa sababu sehemu hiyo hubaki nje na hupoteza maji hewani, tumbo lisiguswe.

Mtihani mkubwa ni mchanga wetu. Katika udongo tifutifu wenye mfinyanzi kidogo, unyevu husambaa kando. Katika mchanga huzama moja kwa moja kwenda chini, na mche uliopandwa mbali hufa kiu huku mtungi ukiwa umejaa. Karatasi ya dukani inaelekeza mche upandwe dhiraa moja kutoka mtungini. Kwa Lamu hiyo ni mbali mno. Shibiri moja, yaani kama sentimita 20, ndiyo mwisho, na kwa mche mchanga ni afadhali hata nusu yake mpaka mizizi iufikie ukuta wa mtungi. Shimo nalo lichimbwe pana kuliko mtungi mara mbili, lijazwe mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza barabara, kwa kuwa samadi hushika maji ambayo mchanga pekee hauwezi kuyashika. Samadi ya punda hapa haina bei, ila haifai kutumiwa mbichi: punda hasagi chakula chake kama ng'ombe, na mbegu nyingi za nyasi hutoka zikiwa hai. Irundikwe, inyweshwe, igeuzwe mpaka joto lake liishe, ndipo iingie tutani. Juu ya tuta hutandazwa majani makavu au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yaliyolowekwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yaepukwe, maana yamebeba chumvi ya bahari.

Kifurushi cha mabomba nilichokilinganisha kilikuwa cha ndoo ya lita 20 inayotundikwa kimo cha mita moja hivi ili uzito wa maji uyasukume matone. Siku za mwanzo kilifanya kazi vizuri, na kwa mchicha uliosiwa kwa mistari ya karibukaribu bado ningekichagua, kwa sababu mtungi hauwezi kuhudumia tuta zima la miche midogo iliyosongamana bila ya kufukiwa mingi mno. Tatizo lilikuja na chokaa. Maji ya mji huu hupita katika mchanga na mawe ya matumbawe, na huacha ukoko mweupe popote yanapokaukia. Vitundu vya mabomba, ambavyo ni vyembamba kuliko sindano ya cherehani, vikaanza kuziba kimoja baada ya kingine, na ndoo iliyotundikwa mita moja haina nguvu ya kuvizibua. Kitundu kilichoziba hakionekani mpaka mmea wake umenyauka. Ongeza kwamba plastiki nyeusi ikiachwa juani hukakamaa na kupasuka, na kwamba mwisho wake ni jaani au baharini, jambo ambalo mji wetu umekwisha kulichoka.

Mtungi nao hupatwa na chokaa hiyohiyo, wala nisidanganye mtu. Tofauti ni kwamba vinyweleo vyake ni vingi mno, hivyo hudhoofika taratibu na huonekana: mtungi uliokuwa ukijazwa kila baada ya siku mbili au tatu huanza kukaa wiki nzima na maji yake. Hapo hung'olewa, hulowekwa katika siki iliyozimuliwa, husuguliwa kwa brashi ngumu ndani na nje, husuuzwa na kurudishwa. Chumvi ndiyo adui mbaya zaidi. Maji ya bomba hutoka katika visima vya Shela, ambako maji ya mvua yaliyochujwa na vilima vya mchanga hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Kiangazi kikiwa kirefu na watu wakivuta kwa wingi, uchumvi husogea juu. Ukiutambua ulimini, mimea imekwisha kuutambua kabla yako, hasa maharagwe, ambayo huvumilia chumvi kidogo kuliko takribani mboga zote. Chumvi inayopenya mtungini hujikusanya pale unyevu unapoishia, na hubaki hapo mpaka masika yaje yaisafishe.

Kwa hiyo thamani ya mtungi hutegemea mahali unapopata maji ya kuujaza, na jibu bora ni mvua. Sehemu kubwa ya mvua yetu hunyesha kati ya Aprili na Juni, nayo Mei ndiyo kilele. Milimita 10 za mvua juu ya paa la mita mraba 40 ni lita 400 kabla ya upotevu wa njiani, na mtungi wa lita 7 hauombi mengi. Waliotutangulia visiwani walijenga jabia, yaani mabirika ya kuhifadhia maji ya mvua, kwa sababu hiyo. Paa la chokaa au la mabati hutoa maji mazuri baada ya manyunyu ya kwanza kuachwa yapite. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai, ambayo mboga haziyakatai ingawa hayafai jikoni.

Kuhusu kifuniko siwezi kulegeza neno. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ililipuka hapa Lamu ikawashika watu wengi mno, na uchunguzi uliofuata uliuhusisha mlipuko huo na ukame: watu walihifadhi maji majumbani, vyombo havikubadilishwa maji mara kwa mara, na mbu aina ya Aedes wakazaliana humo. Mtungi wenye maji yaliyotulia kivulini ni nyumba ambayo mbu huyo angejichagulia mwenyewe. Duka huuza kila mtungi pamoja na kibia chake cha udongo, lakini shingo hufinyangwa kwa mkono na hazilingani, na vibia vingi hukaa upande na kuacha mwanya. Dawa yake ni kitambaa cha wavu mwembamba kilichofungwa shingoni kwa kamba, kisha kibia juu yake. Kazi hii ingefaa ifanywe na muuzaji kabla ya kupokea fedha za watu.

Matokeo ya tutani yalitofautiana. Tango ndilo lililofaidi kuliko vyote: mizizi yake niliikuta imeukumbatia mtungi kama wavu, na matunda hayakuwa na uchungu ambao ukame huyatia. Nyanya zilizaa vizuri na hazikupasuka, kwa kuwa unyevu haukupanda na kushuka ghafla. Biringani na pilipili ziliridhisha. Mrehani na mnanaa hazikuhitaji mtungi wao wenyewe. Kupandwa pembeni kuliwatosha majirani hao. Kunde sioni haja ya kuzigharimia, maana huhimili ukame kwa asili yake, na mlonge ukishashika ardhi hauulizii maji ya mtu.

Darini kuna tahadhari ya ziada. Lita moja ya maji ni kilo moja, na beseni la udongo uliolowa lenye mtungi ndani yake ni mzigo mzito kwa dari la kale lililobebwa na boriti za mikoko. Vyombo viwekwe kandokando juu ya kuta, si katikati ya chumba, na nyumba ambayo boriti zake zimeanza kubonyea isiwekewe kabisa.

Bei ya mtungi mmoja haizidi ya kilo moja ya nyama, na kwa uimara wake naiona ya haki, ingawa ule unaovunjika njiani ni hasara ya mnunuzi; duka halirudishi wala halibadilishi, hata ufa ukiwa wa kiwandani. Ni heri kuupima jasho palepale dukani wakikuruhusu, nao huruhusu ukirudi kuuchukua kesho yake. Wakati wa masika shehena hupungua, kwa sababu vyombo vibichi havikauki upesi vya kutosha kuchomwa, hivyo anayetaka kuwa tayari kwa kaskazi aagize baada ya mvua kwisha na asingoje Desemba. Ukubwa unaopatikana ni wa lita 7 na kuendelea. Wa lita 3, ambao ndio ungefaa vyungu vya darini, bado hawauleti, licha ya kuombwa na wateja kadhaa.