Kigeti cha jukwaa la ujenzi: kipi kinaifaa hewa ya Mombasa

Pita asubuhi kwenye majengo yanayopanda Nyali au Bamburi, utazame pale ngazi inapolifikia jukwaa. Mara nyingi mabomba ya kinga yamezunguka pande zote, kisha penye ngazi pamebaki mwanya na mnyororo unaning'inia upande mmoja. Asubuhi ulifungwa. Ilipofika saa nne watu wakashuka kunywa chai, na waliporudi kila mtu alikuwa na karai au ndoo. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuurudisha.

Ndiyo maana mimi, nikitafuta kigeti cha kuuziba mwanya huo, siulizi bei kwanza. Nauliza: ukikiachia, kinajifunga? Kisha nauliza kinafunguka kuelekea wapi. Kifunguke kuelekea ndani ya jukwaa, ili mtu akikiegemea azidi kukibana badala ya kukifungua na kwenda nacho. Hivi hapa vya kuchagua, nimevipanga kuanzia ninachokipendelea.

1. Kigeti cha springi kilichochovywa zinki

Hiki hufungwa kwa klampu kwenye nguzo, upana wake hurekebishwa, na springi hukirudisha mahali pake. Lakini hapa pwani neno "zinki" lina ujanja mwingi. Kilichopakwa zinki kwa umeme hung'aa vizuri dukani, ila ngozi yake ni nyembamba na chumvi ya bahari haichelewi kuipenya. Kilichochovywa kwenye zinki ya moto, karibu nyuzi 450, huwa na rangi ya kijivu iliyofifia na matone yaliyoganda pembeni. Tafuta pia vitundu vidogo kwenye mabomba yake. Bomba lililozibwa pande zote haliwezi kutumbukizwa humo, litapasuka, kwa hiyo kigeti kisicho na vitundu huenda kiliundwa kwa mabomba yaliyokuwa na zinki tayari. Moto wa kuchomelea huiunguza zinki hiyo, na kutu huanzia kwenye maungio.

Springi nayo iwe ya chuma kisichoshika kutu. Nimeona vigeti vizima kabisa vikiwa wazi kutwa kwa sababu ya springi iliyoliwa na kutu, na springi ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote pale. Nunua za akiba siku hiyo hiyo.

Kabla hujalipa, pima nguzo zako. Bomba la kawaida la jukwaa lina kipenyo cha milimita 48.3, na klampu nyingi za kigeni hutengenezwa kwa kipimo hicho. Fremu nyingine ni nyembamba zaidi. Klampu itazunguka, na kigeti kitalala.

2. Kigeti cha fundi chenye bawaba za mteremko

Fundi mzuri wa kuchomelea wa Changamwe au Jomvu anaweza kukuundia kigeti kinachoinuka kidogo kikifunguliwa, kisha kikarudi kwa uzito wake. Hakina springi ya kuoza. Ukinibana, kwa jengo la ufuoni ambalo kazi yake ni ya mwaka mzima, ningekipandisha cha kwanza. Kilichokishusha ni kwamba nguzo lazima isimame wima kabisa, la sivyo kitarudi nusu tu; tena kazi hutofautiana fundi kwa fundi. Mpe vipimo kwa maandishi. Kanuni za Marekani kwa majukwaa mengi zinataka bomba la juu liwe sentimita 97 hadi 114 kutoka sakafuni, listahimili msukumo wa karibu kilo 90. Mwambie pia aweke bomba la katikati, maana mtu aliyechutama hupita chini ya la juu.

3. Ubao wenye mlango wa sakafuni

Unafaa sana kwa majukwaa ya magurudumu, kwa kuwa ngazi hupita ndani na kingo zote hubaki zimezibwa. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haujifungi. Ukiachwa wazi, umechimba shimo katikati ya njia.

4. Bomba la kunyanyua

Hushuka kwa uzito wake. Ni rahisi, ila huacha mwanya mkubwa chini.

5. Mnyororo

Uache dukani, haujifungi wenyewe. Marekani, katika kanuni za maeneo ya kazi ya kawaida zilizobadilishwa mwaka 2016, tundu la sakafu lenye ngazi linatakiwa liwe na kigeti kinachojifunga, au njia iliyopindwa ili mtu asitembee moja kwa moja hadi kwenye tundu.

Mahali pa kupokelea matofali na saruji ni habari nyingine. Hapo nunua kigeti cha kupinduka: upande wa nje ukifunguka kupokea mzigo, wa ndani unashuka nyuma yake, na hakuna wakati vibarua wanabaki bila kinga.

Ukiwa dukani, kifungue na kukiachia mara kumi, kwa pole na kwa nguvu, kisha kisukume kwa bega. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

Na kama unakodi jukwaa, jukumu bado ni lako: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humwangalia anayeshika mahali pa kazi. Ulizia kigeti kabla ya kutoa amana. Mabomba yakishashushwa saiti bila kigeti, utaambiwa kinakuja na gari la kesho.