Picha ya jahazi jioni, akriliki (rangi inayochanganywa na maji), sentimita 60 kwa 90: inunue, fremu waachie

Picha nyingi za pwani zinazouzwa hapa Dodoma ni bluu tupu, mnazi uliopinda na jua jekundu. Hii iliyochorwa hapahapa mjini na kuuzwa kwenye duka la fremu inazizidi kwa jambo moja: mchoraji anajua mwanga unatokea wapi.

Ni mandhari ya Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Mji Mkongwe umeelekea magharibi, kwa hiyo jua kuzama baharini ni sawa kabisa. (Ukiuziwa "machweo ya Bagamoyo" yenye jua juu ya maji, ujue hilo linachomoza, kule bahari iko mashariki.) Jua liko nyuma ya tanga, na tanga halikupakwa nyeupe. Ni kahawia iliyofifia, na ukingoni limepitishwa uzi mwembamba wa rangi ya chungwa. Wengi huharibu hapo: tanga ni jeupe, basi wanapaka jeupe, na jioni yote inapotea. Vivuli navyo vina zambarau, si nyeusi ya kopo, ndiyo maana picha inatulia bila kuwa na huzuni.

Anga la juu kulia ndilo lililomshinda mchoraji. Chungwa na bluu zimeachana kwa mstari badala ya kuyeyukiana. Akriliki hukauka upesi, na hewa kavu ya Dodoma huizidishia kasi. Ilitakiwa kanvasi inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kupitisha brashi pana.

Dukani kuna taa nyeupe za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga huwa wa njano zaidi) zinazopausha chungwa. Omba uitoe nje, uitazame kivulini. Nyumbani, balbu ya kelvini 3000 hadi 4000 inaifaa. Ukishuka hadi 2700, bluu inakuwa kama tope. Itundike katikati yake ikiwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu, maana akriliki hulainika kwenye joto na kunasa uchafu.

Fremu ya nje ni mbao isiyokauka vizuri. Pembe zimeshaanza kuachia, na kiangazi kitazipanua zaidi. Igeuze kabla ya kulipa uhakikishe vigingi, yaani vipande vidogo vya mbao vya kwenye kona, vipo nyuma, kwani kanvasi ikilegea ndivyo vinavyogongwa kidogo kidogo kuikaza. Omba bei ya picha bila fremu.