Waksi ya kopo kwa gari inayolala chini ya mwembe, Tabora

Wakuu, hii waksi nimeinunua mwezi wa tisa, naandika sasa hivi maembe yanaishia, yaani nimeipa muda wa kutosha. Gari yenyewe Premio nyeusi namba E, mpya kwa upya wetu huu wa kwamba Mjapani kaitumia kwanza. Na nyeusi ni mtihani, kila kitu kinaonekana.

Kosa la kwanza nilifanya mwenyewe, wiki ya kwanza tu nikawapa vijana waoshe. Sabuni ya unga, na dodoki lile lile lililotoka kusugua tairi likapanda kwenye boneti, mi nimekaa pembeni nachezea simu. Jioni jua limelala naangalia boneti nakuta mikwaruzo ya duara duara kama utando wa buibui. Fundi rangi mmoja akaniambia hiyo ni klia imekwaruzika, ile tabaka ya juu isiyo na rangi, na ni nyembamba kuliko unywele wako, kama maikroni 40 mpaka 50 hivi, kwa hiyo kila ukipiga polishi unaipunguza na haiongezeki. Nikasema basi, naosha mwenyewe nyumbani.

Nikaagiza kopo la waksi ya carnauba, shampuu ya gari na vitambaa vinne vya maikrofaiba, jumla elfu 68 mpaka vinafika stendi.

Sasa mzee jirani yangu anauza asali, kaniona na kopo akacheka mpaka akakaa chini, "mwanangu, Tabora hii hii unanunua nta dukani?" Kidogo nimkubalie. Ila nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 na paa jeusi la gari mchana wa mwezi wa kumi hapa linaweza kufika huko, inalainika halafu vumbi lote la barabarani linanasa. Carnauba inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi kule Brazil, yenyewe mpaka ipite 80 ndo inayeyuka. Mzee kasikiliza vizuri, akasema sawa, lakini ya kwake ni bei rahisi.

Kupaka si kazi ila usiwe na haraka. Gari ioshwe kwanza, na kabla hujagusa kitu umwagie maji mengi vumbi lishuke lenyewe, maana ule mchanga ukiusugua ndo msasa. Ndoo mbili, moja ya shampuu nyingine ya kusuuza kitambaa, unaanza juu unamalizia chini. Mi naanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likipanda maji yanakaukia juu ya bodi yanaacha madoa meupe, hasa ya kisima, haya ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria afadhali. Ikikauka unapaka waksi kidogo saana, kipande kwa kipande, kivulini, unasubiri iwe na ukungu, pitisha kidole, kikiacha njia safi ndo unafuta. Mi mara ya kwanza nilipaka kama siagi kwenye mkate, kufuta nikatoka jasho, na nyingine ikaingia kwenye plastiki nyeusi za bampa, pakawa peupe mpaka leo hapajatoka vizuri. Plastiki ziacheni.

Matokeo? Kung'aa inang'aa lakini hilo sio la kunifanya niandike. Ni popo. Wanaonipata wananielewa, msimu wa maembe popo wanakula usiku kucha juu ya mwembe na choo chao hapo hapo, asubuhi gari inatisha, na utomvu juu yake. Vile vitu vina asidi, vikipigwa na jua vinakula klia. Na waksi namwagia maji, naweka kitambaa kilicholowa dakika tano, uchafu unatoka bila kusugua. Siku moja nilisafiri kwenda Nzega nikakaa siku tatu gari nimeiacha pale pale, hapo waksi haikusaidia, kuna alama moja kwenye paa ukigusa na ukucha unaisikia.

Kopo limeandikwa miezi sita. Uongo. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilivyoanza maji yalikuwa yanasimama kama shanga, kufika wiki ya saba yanatandaa tu, nikapaka upya. Na mikwaruzo ya wale vijana haijaifuta, imeificha kidogo tu, msidanganyike na picha.

Kama hela ni ya kitu kimoja chukua vitambaa kwanza, waksi itafuata. Kopo bado lina zaidi ya nusu, ila vitambaa nimebaki na vitatu, kimoja mama watoto kakiona kizuri kakihamishia kwenye tivii.