Mkaguzi wa nyumba aliyekataa kuinama

Nilimlipa huyu bwana anikagulie nyumba kabla sijainunua, na kilichonipeleka kwake hasa ni sakafu ya sebule. Ilikuwa na nyufa. Zile nyembamba sina ugomvi nazo, zege likikauka husinyaa na kuchora mistari. Lakini ulikuwepo mmoja uliotoka mlangoni ukakata hadi ukuta wa jikoni, na huo ndio nilimwonyesha kwa kidole.

Akaugusa kwa ncha ya kiatu. "Zege kupasuka ni kawaida, mama."

Nikamwambia upande mmoja umeshuka, ukipitisha mkono kucha inakwama. Akacheka, tena mbele ya dalali. "Mama, unanunua nyumba au unahesabu mistari?" Dalali naye akacheka.

Ufa wa kusinyaa hupanuka tu, pande zake hubaki usawa mmoja. Upande mmoja ukishuka, kilichoubeba kimeondoka: kifusi hakikushindiliwa vizuri, au udongo wa chini unavimba na kunywea, au maji yanakula chini kwa chini. Fundi zege yeyote analijua hilo. Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo, unaweka pima maji kuona usawa, unagonga, unainama. Yeye hakuinama hata kidogo.

Tusimwonee, paa alilikagua kweli. Alipanda darini, akakuta mbao zilizooza ambazo mimi nisingeziona maishani, akaziandikia ukurasa mzima. Sakafu ikapata mstari mmoja: "Nyufa za kawaida."

Nikamtafuta fundi mzee wa zege. Huyu alisalimia, akapiga magoti, akaanza kugonga kwa mpini wa nyundo akiufuata ufa. Karibu na jikoni mlio ukabadilika, ukawa kama wa debe tupu. Akatuambia tufunge bomba zote twende kwenye mita. Mshale ulikuwa unazunguka, polepole, lakini unazunguka, na nyumba nzima hakuna anayetumia maji! Mwenye nyumba alipokubali kubomoa kipande, bomba lilikutwa limepasuka, na chini ya jamvi, yaani lile zege la sakafu, kifusi kimesombwa kiasi cha mkono kuingia. Ningelishika lile neno "kawaida", ningebandika vigae juu ya shimo.

Bomba na jamvi alitengeneza mwenye nyumba kabla hatujasaini. Kwa hiyo sikupoteza nyumba, ila kuokoka kwangu hakumhusu mkaguzi hata chembe.

Nilimpigia simu. Hakuna pole wala samahani. Akanijibu kwamba mkataba wake ni wa mambo yanayoonekana kwa macho. Ufa ulionekana! Nilimwonyesha mimi mwenyewe!

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kumpa nyota tatu kwa ajili ya lile paa. Nimefika hapa naona hata mbili nyingi. Nilitaka kusema mwenye shaka na paa lake amwite, lakini hapana, hata hilo nalifuta. Mteja anakulipa, anakuuliza swali la haki, unamcheka mbele ya mtu anayetaka nyumba iuzike haraka? Nyota moja. Na anirudishie pesa ya sakafu, kwa sababu sakafu hakuikagua.