Fundi Aliyenipima kwa Macho

Jina la duka sitaji. Liko katikati ya mji hapa Kisumu, lina kioo kikubwa mbele na bango la kuahidi nguo zinazokubaliana na umbo lako. Atakayetaka kulijua atalijua tu, maana kitenge changu kinaning'inia pale dukani, kimegeuzwa kofia. Nitafika huko.

Mimi juu ni mwembamba, chini nimejaliwa. Kiuno inchi 31, nyonga 45. Nguo za dukani hukatwa kana kwamba tofauti ya hapo ni inchi kumi hivi, basi ikinitosha chini, kiunoni ni gunia. Ndiyo maana watu kama mimi tunatafuta fundi. Kulikuwa na harusi Kakamega, nikabeba kitenge changu, yadi sita nzima.

Fundi wa duka lile, kijana tu, alinizunguka, akanigeuza huku na huku kama ng'ombe wa mnadani. Nikauliza tepu iko wapi. Akacheka. "Anti, mimi napima kwa macho." Kisha somo likaanza: usivae maua makubwa chini, hapa ficha, pale funika. Ficha, funika, ficha. Kwani nilikuja kufichwa? Nilikuja kushonewa!

Hapo ningeondoka. Sikuondoka, na hilo ni langu.

Nguo niliipata baada ya kuzungushwa mara tatu, au nne. Kusimama nayo, sawa. Kuketi, thubutu! Kitenge ni pamba, hakivutiki. Nyongani lazima uache inchi kama mbili za kupumua, na ndani ya mshono uache kitambaa cha kufungulia baadaye. Yeye aliacha upana wa ukucha. Nikamwambia inanibana. Akanijibu mbele ya wateja watatu, bila hata kuinua uso kutoka kwa simu yake:

"Anti, nguo haina shida. Mwili ndio uko na shida."

Mimi si mtu wa kukosa maneno, waulize wa kwetu. Siku hiyo niliyakosa. Nikaomba tu mabaki ya kitambaa changu. "Yaliisha." Nikainua macho, nikaona kofia mbili ukutani, maua yale yale, rangi ile ile, na bei juu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa soko la Kibuye, hapa hapa Kisumu, mwenye cherehani ya kukanyaga chini ya mwavuli. Alinipima nimesimama, akanipima tena nimeketi. Umbo langu hakulipa jina wala ushauri. Alifungua pembeni, akaingiza vipande virefu vyeusi toka kiunoni hadi kwenye pindo, mgongoni akabana kiuno kikatulia. Jioni niliketi vizuri kwenye tuktuk hadi nyumbani.

Sasa kuna neno linaloniuma kulisema. Ile shingo ya gauni, kijana aliikata pana, karibu bega hadi bega, na mabega yangu membamba yakapata upana wa kulingana na nyonga. Mama wa Kibuye aliishika akasema, "Huyu mkasi anaujua." Harusini niliulizwa na watu wawili shingo ile imekatwa wapi, na ikabidi niwaelekeze huko huko. Niliwaambia waende na tepu yao.

Kwa hiyo nampa nyota mbili. Hapana, moja. Akirudisha kofia zangu, tutaongea kuhusu ya pili.