Sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe wa pafu: ultrasaundi imenifaa kuliko CT

Uvimbe wangu uligusa ukuta wa kifua, ndiyo maana daktari akaiongoza sindano kwa ultrasaundi (picha za mawimbi ya sauti), si CT (mashine ya picha za mionzi). Nililala ubavu, skrini ikanielekea, nikaiona sindano ikishuka kama mstari mweupe huku naambiwa "bana pumzi, mzee". Ganzi ndiyo iliyochoma. Hakuna mionzi, wala kuingizwa na kutolewa kwenye mashine kama mwanzo nilipopimwa CT. Lakini msikimbilie unafuu: hewa ya pafu huzuia mawimbi ya sauti, hivyo uvimbe uliojificha ndani hauonekani. Huo ni wa CT, hakuna ujanja. Baadaye wakanipiga eksirei kuangalia kama hewa imevuja kifuani. Madaktari safi. Dirisha la malipo, mh, nendeni na subira.